Pesa za Wafu wa Kariakor

Ukishuka kutoka Ngara kuelekea soko la Kariakor, pengine unatafuta vyondo ama nyama choma. Jina la soko hata huliwazii. Hebu litamke polepole. Ni Carrier Corps hiyo, kikosi cha wapagazi, iliyopita kwenye ndimi za watu ikatoka Kariakor. Kariakoo ya Dar es Salaam ina asili hiyo hiyo.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipofika kwetu 1914, Waingereza walimkimbiza kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, miaka minne. Magari yalikwama kwenye matope, punda na ng'ombe wakamalizwa na mbung'o. Basi mzigo ukapandishwa kichwani mwa mtu. Kuanzia 1915 sheria iliruhusu wanaume kuchukuliwa kwa lazima, na 1917 msako ukawa mkali zaidi. Mshahara? Rupia 5 au 6 kwa mwezi. Makumi ya maelfu hawakurudi. Wengi hawakupigwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria na nimonia.

Sasa mfikirie mjane wa mmoja wao. Mume ameenda, vita vimeisha Novemba 1918, na huko aliko anadai miezi kadhaa ya kazi. Mjane huyu hakuhitaji wakili wala kesi ya mirithi. Kwenye makaratasi, njia ilikuwa rahisi: pesa zipitie ofisi ya wilaya, warithi watafutwe, walipwe.

Shida ilikuwa daftari. Mtu aliyeandikwa jina moja, tena na karani asiyejua lugha yake, utampataje kijijini kwao? Na aliyekufa njiani bila kuandikwa popote, nani angemthibitishia mke kwamba amekuwa mjane? Pesa nyingi zikabaki, zikaitwa "zisizodaiwa". Ati hazikudaiwa! Kudai unadai vipi kitu ambacho hujaambiwa kipo?

Baadhi ya maafisa wa koloni waliomba fedha hizo zitumike kwa manufaa ya jamii zilizotoa wapagazi. Serikali ya London ilikataa. Mwaka 1928 sanamu ikazinduliwa Nairobi, kwenye barabara tunayoiita leo Kenyatta Avenue, na mpagazi yumo kati ya watu watatu waliosimamishwa pale. Shaba ilipatikana. Mishahara haikupatikana.

Leo Sheria ya Ajira ya 2007 inasema mfanyakazi akifa, mwakilishi wake wa kisheria akileta uthibitisho, alipwe ndani ya siku 30. Pesa zikikaa miezi mitatu bila mtu kuja, mwajiri azipeleke kwa afisa wa kazi azishikilie. Hiyo ni hatua. Lakini bado mlango ni karatasi. Mama aliyeolewa kwa mila tu, bila cheti, anaanzia kwa chifu kutafuta barua, na fundi aliyekuwa akilipwa mkononi kila Jumamosi hana hata risiti ya kuonyesha alikuwa akidai.

Kwa hivyo uliza nyumbani. Baba anafanya kazi kwa nani, anadai ngapi, jina la mama limeandikwa wapi? Ni maswali ya aibu kidogo mezani. Wajane wa Kariakor hawakupata hata nafasi ya kuyauliza.