Nauli ya Kwenda Kisiwani: Kutoka Wampembe Hadi Unguja

Wampembe ni bandari ndogo katika mwambao wa mashariki wa Ziwa Tanganyika, wilayani Nkasi, mkoa wa Rukwa. Nyuma yake milima inapanda ghafla hadi uwanda wa juu wa Ufipa; mbele yake ni maji, na ng'ambo ya maji ni Kongo. Kutoka hapo hadi gati la Malindi, Unguja, ni mwendo wa zaidi ya kilomita 1,200 za nchi kavu na kisha bahari. Sasa tuchukue mume na mke wa huko, wenye watoto watatu, mmoja mvuvi na mwingine mkulima. Wanatamani kuja kupumzika kisiwani kwa juma moja, bila ya kuuza shamba wala kuingia deni. Wafanyeje?

Kwa mtazamo wa haraka hili ni suala la hesabu za nyumbani, si la ukurasa wa historia. Lakini atakayeifuata njia hii nyuma, karne hata karne, ataona kuwa nauli ya kutoka ziwani kuja kisiwani ni jambo kongwe kuliko hoteli yoyote iliyopo pwani yetu, na kwamba katika kila zama kulikuwa na swali lile lile: nani anailipa?

Katika karne ya 19 njia ilikuwa ya miguu. Misafara iliondoka Bagamoyo, ikapita Ugogo na Unyanyembe, ikafika Ujiji. Watu wa mwambao walipofika ziwani hawakuishia ufukoni; walitweka matanga, wakavuka na kushuka kusini, na makazi yao yakaota mizizi Ujiji na hata Kirando, kaskazini ya Wampembe. Selemani bin Mwenye Chande, ambaye safari yake ya bara imo katika kitabu cha Safari za Wasuaheli kilichochapishwa na Carl Velten mwaka 1901, ni mmoja wa walioieleza njia hiyo kwa Kiswahili chao wenyewe. Ndiyo maana nasema Wampembe si mahali pageni kwetu kama ramani inavyotaka tuamini. Maji yake ni matamu na yetu ni ya chumvi, lakini lugha iliyopita juu yake ni moja.

Wafipa wenyewe walikuwa watu wa kazi za mikono: walifuma nguo za pamba na kuyeyusha chuma katika tanuri ndefu za udongo. Joseph Thomson, Mskoti aliyepita nchini mwao mwaka 1880, aliwasifu kwa utulivu wao. Utulivu, hata hivyo, haukuwa ngao. Nchi zote za kati ya Ziwa Nyasa na Tanganyika ziliguswa na biashara ya watumwa, na waliofika kisiwani kutoka huko aghalabu walikuwa wa aina tatu. Mfanyabiashara alijilipia. Mpagazi alilipwa, tena kwa taabu. Mateka hakulipa wala hakulipwa, kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa bei.

Soko alilouziwa mateka huyo lilikuwa Mkunazini. Lilifungwa Juni 1873, kwa mkataba aliotia saini Sayyid Barghash kwa shinikizo la Waingereza, na kabla ya mwaka kwisha jiwe la msingi la kanisa la Kianglikana likawekwa papo hapo. Mwezi mmoja kabla ya mkataba ule, David Livingstone alikuwa amefariki katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Watu wake, wakiongozwa na Abdullah Susi na James Chuma, waliukausha mwili, wakaufunga, wakaubeba. Walipita upande wa mashariki wa Ziwa Tanganyika, kupitia Ufipa, hadi Unyanyembe, na Februari 1874 wakafika Bagamoyo. Kutoka hapo maiti ikavushwa kwa meli hadi Unguja. Miezi tisa hivi. Sijui kama iko safari nyingine ya kutoka pande hizo kuja kisiwani iliyoandikwa zaidi kuliko hii, na msafiri wake mkuu alikuwa maiti. Waliombeba wanakumbukwa kwa sentensi moja moja tu. Na huyo Chuma, aliyekuwa Myao aliyekombolewa utumwani angali kijana, ndiye aliyeuongoza msafara wa Thomson pia, akapita tena Ufipa mwaka 1880. Alifia Unguja mwaka 1882. Ikiwa tunatafuta mtu aliyezijua vyema ncha zote mbili za njia hii, huyo anastahiki kutajwa wa kwanza.

Wadachi walipoitwaa nchi, miguu ilianza kupumzika. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na nyuma yake zikaja, vipande vipande ndani ya masanduku, sehemu za meli iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913. Iliunganishwa Kigoma, ikateremshwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Goetzen. Mwaka 1916 Wadachi wenyewe waliizamisha wasimwachie adui, baada ya kuzipaka mitambo yake grisi nzito. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na 1927 ikaanza kazi upya kwa jina la Liemba, jina ambalo Livingstone alilisikia kwa wenyeji wa ncha ya kusini ya ziwa hilo.

Kwa miongo mingi Liemba ndiyo iliyokuwa barabara ya Wampembe. Ilipita kati ya Kigoma na Mpulungu, na katika vituo vingi vya njiani, Wampembe kikiwamo, hapakuwa na gati. Meli ilisimama kwenye kina, ikapiga honi, na mitumbwi ikatoka pwani kuipokea: mama na mtoto mgongoni, magunia ya dagaa, kuku, mgonjwa, bibi harusi, vyote vikapandishwa ubavuni mwa meli huku maji yakiinua na kushusha. Aliyetaka kufika pwani ya bahari alishuka Kigoma, akalala stesheni, akapanda gari moshi. Katika miaka ya karibuni meli hiyo kongwe ilisimamishwa safari kwa ajili ya matengenezo, na watu wa ziwani wakabaki na boti za mbao na barabara ya mlimani.

Hapo ndipo tunapofika kwenye neno likizo. Katika utumishi wa serikali ya Tanzania mtumishi hupewa, kila baada ya miaka miwili, nauli ya kwenda likizo nyumbani kwake, yeye, mwenza wake na wategemezi wasiozidi wanne. Mwalimu aliyezaliwa Mafia akapangiwa kazi Wampembe anaweza, kwa stahili hiyo, kuwarudisha wanawe kisiwani wamwone bibi yao. Malalamiko ya kucheleweshewa nauli hiyo ni sehemu ya maisha ya mtumishi, lakini walau haki ipo na ina jina. Mvuvi wa jirani yake, aliyemuuzia migebuka kwa miaka yote hiyo, hana stahili ya namna hiyo. Akitaka kuiona bahari, ajilipie. Kwa hiyo kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 raia wa kawaida alisafiri kwa sababu tatu tu: kazi, maradhi au msiba. Kusafiri na watoto kwa kupumzika tu kulionekana ni mambo ya wakubwa.

Na huku kisiwani kupumzika kulikuwa na wenyewe tangu zamani. Sayyid Said alijenga hamamu ya Kidichi mwaka 1850, na Barghash akajenga kasri la Maruhubi katika miaka ya 1880. Matajiri wa mjini walikuwa na Chwaka yao ya kupungia upepo. Baada ya Mapinduzi na Muungano wa 1964, mtu wa bara aliyetaka kuvuka alitakiwa, kwa miaka mingi, kuwa na pasi mkononi kana kwamba anakwenda nchi ya nje. Milango ya biashara ilifunguliwa katika miaka ya 1980, Kamisheni ya Utalii ikaundwa mwaka 1992, na hoteli zikajipanga kutoka Nungwi hadi Jambiani kwa bei zilizoandikwa kwa dola. Nisieleweke vibaya: utalii umewalisha wengi. Lakini ulituzoesha kumtazama mgeni kwa rangi ya fedha yake, na yule mgeni wa shilingi, anayeshuka na watoto watatu na kikapu cha dagaa, hatukumtayarishia neno la kumwita. Mtalii si yeye. Mgeni wa nani, basi?

Turudi kwa familia yetu, maana nimewaacha Wampembe wakihesabu.

Wakati wa kuja ni Juni, na si kwa sababu moja. Mvua za Ufipa zimekwisha na barabara ya kupanda kutoka ziwani hadi Namanyere inapitika, mahindi na maharage yamevunwa, kwa hiyo fedha ipo, shule zimefungwa. Huku kwetu masika yameondoka, kusi inavuma, na jua halichomi. Desemba shule zimefungwa pia, lakini mvua ya uwandani ni juu yao, na mkulima anayeacha shamba Desemba huja kulijutia.

Katika hesabu yao nauli ndiyo mlima. Kila senti ya basi inazidishwa mara tano, kisha mara mbili kwa kurudi. Kutoka Sumbawanga njia ya Tunduma na Mbeya imekuwa ya lami tangu muongo wa 2010, na basi linashuka hadi Dar es Salaam. Wengine huenda Mpanda kupanda treni ya tawi linalounganika na Reli ya Kati huko Kaliua, polepole zaidi lakini watoto wanaweza kunyoosha miguu. Kwa kuwa nauli haipungui kwa kukaa siku chache, ni afadhali safari moja baada ya miaka mitatu, ya siku kumi, kuliko kukimbilia kila mwaka kwa siku mbili. Akiba yake iwekwe kidogo kidogo kila mavuno, katika mfuko usioguswa na ada wala arusi.

Kutoka Dar es Salaam boti huwatoza Watanzania nauli tofauti na ya wageni wa nje, hivyo kitambulisho kisisahaulike chini ya mzigo, na nauli ya watoto iulizwe dirishani kabla ya fedha kutoka mfukoni. Hapa tu ndipo ninapomwomba baba wa watu asitafute urahisi kupita kiasi. Julai 2012 boti ya Skagit ilizama karibu na Chumbe ikitoka Dar es Salaam, haujapita mwaka tangu Spice Islander izame Septemba 2011 katika mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba. Mtu wa Wampembe anayajua maji kuliko wengi wetu. Chombo kilichojaa kupita kiasi anakitambua kwa jicho. Asione haya kungoja cha pili.

Malazi ni jambo jepesi kuliko linavyotangazwa. Mwenye ndugu Ng'ambo, hata wa kuunga kwa shemeji, afikie kwake na dagaa zake. Asiye na ndugu apange chumba kwenye gesti ya mjini, si ufukweni. Chakula ni Darajani asubuhi na mihogo ya njiani mchana. Forodhani jioni waende kutembea na kununua kidogo tu. Kwenda mashamba ni daladala. Na ufukwe haulipiwi kiingilio: kinacholipiwa ni kiti na kinywaji cha hoteli, navyo watoto hawavihitaji.

Wala tusidhani mtoto wa Wampembe atashangazwa na mchanga mweupe au maji ya buluu. Anavyo kwao, na mbele ya Kipili vipo visiwa vya kutosha. Ziwa lake ni la pili duniani kwa kina, mita zaidi ya 1,400. Asichokiona maishani ni bahari kukimbia. Mpeleke Jambiani asubuhi, maji yakiwa yamepwa hadi kwenye mwamba, akina mama wameinama katika mashamba ya mwani waliyoanza kuyalima mwishoni mwa miaka ya 1980. Mwache akae mpaka alasiri aone maji yakirudi na kuzifunika kamba na vigingi. Ziwani maji hayana safari hiyo. Onyesho hilo ni bure, na hakuna hoteli iliyolijenga.

Mkunazini pana kiingilio, na ningewashauri wakilipe hata kama kitawanyima samaki wa siku moja. Vyumba vya chini wanavyoonyeshwa wageni, na sanamu za watu waliofungwa kwa minyororo zilizowekwa shimoni mwaka 1998, vinaelezwa kila siku kwa Kiingereza, Kitaliano na Kifaransa kwa watu waliotoka mbali. Ni mara chache maelezo hayo hutolewa kwa Kiswahili kwa mtu ambaye kijiji chake kiko kwenye ncha ya pili ya njia ile ile. Baba awaulize watoto wake hapo: sisi tumechukua siku ngapi kufika?

Siku nne, watasema, tukihesabu usiku wa Sumbawanga na wa Dar es Salaam. Basi Makunduchi, ambako siku ya Mwaka Kogwa nyumba isiyo na mgeni huona unyonge, wangepokewa kwa furaha. Ila sherehe hiyo huja karibu na mwisho wa Julai, na wakati huo watoto wamekwisha rudi darasani, na nyavu za baba zimo majini.