Kura ya Bahati na Kura ya Uchaguzi: Uteuzi Nasibu katika Miji ya Beni na Butembo, 2018–2020

1.0 Utangulizi

Neno kura katika Kiswahili hubeba maana mbili ambazo aghalabu huchanganywa. Kwanza, kura ni njia ya kuiachia bahati iamue jambo: vijiti au vikaratasi hutiwa katika chombo, vikatikiswa, kisha kimoja kikatolewa bila kutazamwa. Pili, kura ni kauli ya raia anayemchagua kiongozi kwa hiari na kwa kujua. Maana ya asili ni ile ya kwanza. Neno lenyewe limetoka katika Kiarabu. Wasomaji wa Biblia ya Kiswahili hulikuta pale Mathia anapowekwa mahali pa Yuda, na wasomaji wa Kurani wanakijua kisa cha Yunus aliyeangukiwa na kura jahazini. Maana ya pili ilifuata baadaye, pamoja na siasa za uchaguzi.

Katika miaka ya 2018 hadi 2020 maana hizi mbili zilikutana katika Kivu ya Kaskazini, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Beni na Butembo ni miji miwili iliyo umbali wa kilomita zipatazo 50, yenye wakazi wengi Wanande ambao huzungumza Kinande nyumbani na Kiswahili sokoni, shuleni na zahanatini. Wakati wa mlipuko wa Ebola, watu wa miji hiyo waliteuliwa kwa bahati ili wahojiwe, kisha wagonjwa wao wakagawiwa dawa kwa bahati. Na katika msimu huo huo wakanyimwa kura ya kumchagua rais.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba haki ya uteuzi nasibu haitokani na wema wa bahati, bali inatokana na kanuni moja: kila kilichomo katika mkusanyo kiwe na nafasi inayojulikana ya kuteuliwa. Kwa hiyo swali la kwanza kuhusu kura yoyote ile si nani aliyetolewa kapuni. Swali la kwanza ni nani aliyetiwa kapuni.

2.0 Nasibu si ovyo

Yafaa kutenganisha tangu mwanzo kati ya nasibu na ovyo. Mtu anayesimama katika soko la Butembo na kuwahoji wapita njia kumi wa kwanza amechagua ovyo. Hajui mwanamke aliyebaki nyumbani alikuwa na nafasi gani ya kuhojiwa, wala mkulima aliyekuwa shambani siku ile. Uteuzi nasibu ni kinyume chake: ni kazi ya utaratibu mkali, ambamo mkono wa mteuzi umefungwa makusudi ili mapendeleo yake yasiingie.

Mwanahesabu Mwingereza R. A. Fisher ndiye aliyeifanya kanuni hii kuwa msingi wa majaribio ya kisayansi, alipokuwa akifanya kazi katika kituo cha kilimo cha Rothamsted katika miaka ya 1920. Mwaka 1938, yeye na Frank Yates walichapisha njia ya kuchanganya orodha kwa haki. Mwaka 1964 Richard Durstenfeld aliirekebisha ili ifanywe na kompyuta. Kwa njia hiyo, orodha yenye majina 100 hupangwa mstari mmoja; huteuliwa nafasi moja kwa bahati kati ya zote 100, na jina lililopo hapo hubadilishana mahali na jina la mwisho. Kisha huteuliwa nafasi moja kati ya 99 zilizobaki, na kuendelea hivyo. Akitakiwa mtu wa kutoa sampuli ya majina kumi, husimama baada ya hatua ya kumi. Kila jina limekuwa na nafasi sawa, na hakuna jina linaloweza kutoka mara mbili.

Leo kazi hiyo imefichwa ndani ya maktaba za programu. Katika lugha ya Python, kwa mfano, mtungaji wa programu huandika mstari mmoja tu akapata sampuli yake. Maktaba hiyo hutofautisha namna mbili za kuteua: bila kurudisha, ambapo kikaratasi kikishatolewa hakirudi kapuni, na kwa kurudisha, ambapo kila kikaratasi hurudishwa kabla ya kutoa kingine, kama kete inayoweza kuonyesha sita mara tatu mfululizo.

Wepesi huo usimdanganye msomaji. Kuchanganya vibaya huharibu kura hata pasipo hila. Tarehe 1 Desemba 1969, Marekani ilipiga kura ya kuwaita vijana jeshini kwa vita vya Vietnam. Vidonge 366 vyenye tarehe za kuzaliwa vilitiwa chomboni kwa kufuata miezi na havikuchanganywa vya kutosha. Ikaonekana baadaye kwamba vijana waliozaliwa miezi ya mwisho wa mwaka walielekea kuitwa mapema kuliko wenzao. Hakuna aliyependelewa kwa makusudi, lakini nafasi hazikuwa sawa.

3.0 Kuteua bila daftari

Kompyuta huanza na mkusanyo uliokwisha kuorodheshwa. Mtafiti wa Kongo hana neema hiyo. Sensa ya mwisho ya watu nchini humo ilifanyika mwaka 1984. Tangu hapo vita vimewahamisha watu wengi kutoka vijijini kwenda mijini; hususan, mauaji ya raia yaliyoanza katika eneo la Beni mwezi Oktoba 2014 yalisukuma familia nzima nzima kutafuta hifadhi. Daftari linaloonyesha nani anaishi wapi halipo.

Katika hali kama hiyo uteuzi hufanywa kwa hatua. Kwanza huteuliwa sehemu za mji, kisha kaya ndani ya sehemu hizo, kisha mtu mzima mmoja ndani ya kaya. Kila hatua ni kura inayojitegemea, na nafasi ya mtu ni zao la hatua zote. Njia ya namna hiyo ndiyo iliyotumiwa na watafiti wa Harvard Humanitarian Initiative, wakiongozwa na Patrick Vinck, baina ya tarehe 1 na 16 Septemba 2018. Serikali ilikuwa imetangaza mlipuko wa Ebola tarehe 1 Agosti, baada ya ugonjwa kugunduliwa Mangina, magharibi mwa mji wa Beni. Walihojiwa watu wazima 961: Beni 480 na Butembo 481.

Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2019 katika jarida la The Lancet Infectious Diseases, yalikuwa mazito. Asilimia 31.9 tu ndio walioamini kwamba viongozi wa mahali pao waliwakilisha maslahi yao. Asilimia 25.5, yaani mtu mmoja kati ya kila wanne, waliamini kwamba Ebola haikuwa ya kweli. Wale wasiokuwa na imani na taasisi walikuwa na uelekeo mdogo zaidi wa kukubali chanjo au kwenda hospitalini.

Thamani ya takwimu hizo yatokana na namna zilivyopatikana. Asilimia 31.9 ilitolewa pamoja na mipaka yake, 27.4 hadi 36.9. Mahojiano ya sokoni hayawezi kutoa mipaka hiyo, hata wakihojiwa watu elfu kumi, kwa kuwa hayajui nafasi ya yeyote kuhojiwa. Uteuzi nasibu hauondoi kosa. Huliwekea kosa kipimo.

4.0 Kura ya dawa

Katika uchunguzi uliotajwa hapo juu, watu ndio walioteuliwa kutoka katika mkusanyo. Katika majaribio ya tiba mambo hugeuka: mgonjwa yupo tayari kitandani, na kinachoteuliwa kwa ajili yake ni dawa.

Tangu Agosti 2018 wagonjwa walianza kupewa dawa zisizokuwa zimethibitishwa, kwa ruhusa ya dharura, na daktari ndiye aliyeamua nani apewe ipi. Huruma ilikuwamo, lakini elimu haikuweza kupatikana. Daktari akimpa aliye mahututi dawa anayoiamini zaidi, dawa hiyo itaonekana kuua. Akimpa mwenye nafuu, itaonekana kuponya. Afrika Magharibi ilikuwa imeonja ugumu huo. Jaribio la dawa ya ZMapp la mwaka 2015 lilipata wagonjwa 72 tu kabla ya mlipuko kuisha, na likafungwa bila jibu la uhakika.

Tarehe 20 Novemba 2018 jaribio jipya lilianza Beni, likasimamiwa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Kibiolojia na Tiba ya Kinshasa, chini ya Profesa Jean-Jacques Muyembe-Tamfum, pamoja na Taasisi ya Taifa ya Mzio na Magonjwa ya Kuambukiza ya Marekani. Lilipewa jina la Kiswahili: Pamoja Tulinde Maisha, kwa kifupi PALM. Vituo vyake vilikuwa Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Dawa zilikuwa nne: ZMapp, remdesivir, MAb114 na REGN-EB3, hii ya mwisho ikiongezwa baada ya jaribio kuanza. MAb114 ilitokana na kingamwili za mtu aliyenusurika katika mlipuko wa Kikwit wa mwaka 1995, na hivyo asili yake ilikuwa Kongo yenyewe.

Kila mgonjwa aliyekubali, au aliyeridhiwa na jamaa zake, alipangiwa dawa kwa bahati. Hakuna aliyepewa maji matupu badala ya dawa, na wote walipata huduma ya msingi iliyo sawa. Kwa familia iliyo mlangoni jambo hilo halikuwa jepesi kulikubali. Mgonjwa huja kwa tabibu kwa kuwa tabibu anajua. Kuambiwa kwamba dawa itaamuliwa na kura ni kuambiwa kwamba tabibu hajui. Kwa hakika ndivyo ilivyokuwa, na uadilifu wa jaribio ulikuwa katika kuukiri ukweli huo.

5.0 Kura iliyokosekana

Tarehe 26 Desemba 2018, siku nne kabla ya uchaguzi mkuu, Tume Huru ya Uchaguzi ilitangaza kwamba upigaji kura katika eneo la Beni, mjini Butembo, na Yumbi huko magharibi mwa nchi ungeahirishwa hadi Machi 2019. Kwa Beni na Butembo, sababu zilizotolewa zilikuwa Ebola na ukosefu wa usalama. Wapiga kura zaidi ya milioni moja waliguswa. Rais mpya aliapishwa tarehe 24 Januari 2019, hivyo kura zao za urais hazikuhesabiwa kabisa. Tarehe 31 Machi walipiga kura za wabunge pekee.

Kesho yake baada ya tangazo, waandamanaji walikivamia kituo cha kuwapokea wanaoshukiwa kuwa na Ebola mjini Beni. Tarehe 30 Desemba wakazi wa Beni walijipanga foleni na kupiga kura ya ishara waliyoiandaa wenyewe. Ujumbe ulieleweka: kama masoko na makanisa yalikuwa wazi, kwa nini sanduku la kura peke yake ndilo liwe hatari?

Kwa lugha ya takwimu, miji hii iliondolewa katika mkusanyo kabla ya kuhesabu kuanza. Raia hao hao waliombwa waamini kura ya bahati iliyopigwa wasipoiona, juu ya miili ya ndugu zao, na wakati huo huo wakaambiwa kwamba kura yao ya hiari haikuhitajiwa. Haitoshi kudai kwamba jambo moja pekee ndilo lililozaa ghasia zilizofuata, kwa kuwa makundi yenye silaha na kumbukumbu za mauaji zilikuwapo kabla. Hata hivyo, kutoaminiana kulikokwisha kupimwa Septemba kulipata hoja mpya Desemba. Mwezi Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa moto. Tarehe 19 Aprili, Dakta Richard Mouzoko, Mkameruni aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani, aliuawa katika hospitali ya chuo kikuu mjini Butembo.

6.0 Matokeo na hitimisho

Jaribio liliendelea licha ya hayo. Tarehe 9 Agosti 2019 kamati huru ya usalama, baada ya kutazama takwimu za wagonjwa 499, ilishauri ZMapp na remdesivir zisimamishwe. Jumla ya wagonjwa walioandikishwa ilifikia 681. Katika siku 28, walifariki asilimia 49.7 ya waliopata ZMapp, 53.1 ya remdesivir, 35.1 ya MAb114 na 33.5 ya REGN-EB3. Kwa waliokuwa na virusi vichache mwilini, vifo chini ya dawa mbili za mwisho vilikuwa takriban mmoja kati ya kumi. Dawa hizo mbili ziliidhinishwa nchini Marekani mwaka 2020. Mlipuko wenyewe ulitangazwa kuisha tarehe 25 Juni 2020, ukiwa umewapata watu 3,470 na kuua 2,287.

Elimu hiyo ililipiwa na wagonjwa wa Beni, Butembo, Katwa na Mangina waliokubali kupigiwa kura. Iliwezekana kwa sababu kila mmoja wao alitiwa kapuni kwa masharti yale yale, awe tajiri wa Butembo au mkimbizi wa kijijini. Mtungaji wa programu huweza kudhani kwamba kazi ngumu ni kuchanganya. Historia ya miji hii miwili yaonyesha kwamba kuchanganya ni hatua ya pili. Hatua ya kwanza ni kuuunda mkusanyo bila kumwacha mtu nje, nayo haifanywi na maktaba yoyote. Kiswahili kililiweka neno moja kwa mambo mawili, bahati na uchaguzi, na Beni na Butembo zimeonyesha kwamba sharti lake ni moja.