Usalama wa mgonjwa hospitalini: namna ubora wa huduma unavyopimwa nchini Rwanda

Mkazi wa Gisenyi anapougua, kwa kawaida huanzia kwenye kituo cha afya kilicho karibu naye. Hali ikizidi, hupewa rufaa kwenda Hospitali ya Gisenyi, ambayo ndiyo hospitali ya wilaya ya Rubavu. Huenda huko akitarajia kupona. Hata hivyo, Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kuwa takriban mgonjwa 1 kati ya 10 ulimwenguni hupata madhara yanayotokana na huduma yenyewe, na kwamba zaidi ya nusu ya madhara hayo yangeweza kuzuilika.

Usalama wa mgonjwa ni nini?

Ni juhudi za kuhakikisha kuwa anayetafuta tiba hadhuriki na tiba hiyo. Madhara yanayokusudiwa hapa ni kama kupewa dawa isiyo yake, kuongezewa damu isiyolingana na yake, kuanguka kutoka kitandani, au kuambukizwa ugonjwa mwingine wodini. Mara nyingi chanzo si uzembe wa mtu mmoja, bali ni utaratibu wenye mapengo: wagonjwa wawili wenye jina moja, au zamu inayoondoka bila kuikabidhi ipasavyo zamu inayoingia.

Ithibati ya hospitali

Mwaka 2006 Rwanda ilianza mchakato wa ithibati katika hospitali zake kuu za rufaa, ikiwemo King Faisal ya mjini Kigali. Mwaka 2012 Wizara ya Afya iliupanua mpango huo hadi hospitali za wilaya. Viwango vyake vimepangwa katika maeneo 5: uongozi na uwajibikaji, wafanyakazi wenye ujuzi unaotakiwa, mazingira salama kwa wagonjwa na wafanyakazi, huduma za tiba, na uboreshaji endelevu wa ubora na usalama.

Wakaguzi hupita wodi kwa wodi, wakisoma mafaili na kuzungumza na wahudumu. Hospitali haitimizi kiwango kwa kuwa na mwongozo kabatini tu. Ni lazima ionyeshe kuwa mwongozo huo unafuatwa, kisha itoe takwimu zinazothibitisha matokeo yake. Alama za ukaguzi zimehusishwa na fedha zinazotolewa kulingana na utendaji, hivyo uongozi wa hospitali una sababu ya kuzijali.

Funzo kutoka Ifakara

Mabadiliko hayahitaji mitambo ya gharama kubwa kila mara. Mwaka 2008 WHO ilitoa orodha ya mambo 19 ya kuhakikiwa katika upasuaji: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kupasua ngozi, na kabla ya mgonjwa kutolewa chumbani. Orodha hiyo ilijaribiwa katika hospitali 8 duniani, mojawapo ikiwa ya Ifakara, Tanzania. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kuwa vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8.

Mpakani, maambukizi hayasubiri

Kwa Rubavu, jambo hili lina uzito wa pekee. Ebola ilipofika Goma mwezi Julai 2019, waliovuka mpaka walinawa mikono na kupimwa joto kabla ya kuingia. Mwaka 2024 virusi vya Marburg viliwapata watu 66 nchini Rwanda na kuua 15. Wengi wa walioambukizwa walikuwa wahudumu wa afya. Yaani, pale ambapo kinga ya maambukizi hospitalini ina upungufu, daktari na muuguzi nao huwa hatarini pamoja na mgonjwa.

Lugha nayo ni usalama

Kiswahili ni miongoni mwa lugha rasmi za Rwanda tangu mwaka 2017, na mjini Gisenyi husikika sokoni na mpakani kila siku. Mgonjwa asiyeelewa vema Kinyarwanda anaweza kumeza kwa siku moja dawa alizopaswa kumeza kwa siku tatu. Vilevile, ridhaa ya upasuaji iliyotolewa kwa lugha asiyoielewa mgonjwa si ridhaa kamili. Kuomba mkalimani si usumbufu.

Mgonjwa afanye nini?

• Ataje jina lake kamili na tarehe ya kuzaliwa kabla ya dawa, sindano au damu.
• Aeleze dawa anazotumia, zikiwemo za kienyeji, na zile zinazomdhuru.
• Aulize jina la dawa, kipimo chake na muda wa kuitumia, kisha ayarudie maelezo hayo kwa maneno yake mwenyewe.
• Asione haya kumkumbusha mhudumu kunawa mikono.
• Akiona kasoro, aifikishe kwa uongozi wa hospitali mapema, ili isimkute mwingine.

Kila tarehe 17 Septemba dunia huadhimisha Siku ya Usalama wa Mgonjwa, iliyoanzishwa mwaka 2019. Wodini, hata hivyo, usalama huo hulindwa kila zamu, na mgonjwa anayeuliza huwa amemsaidia pia mhudumu wake.