Mtumba: Historia ya Neno, Barabara na Sanduku la Nguo la Nanyala

1.0 Utangulizi

Nanyala ni mahali padogo katika Wilaya ya Mbozi, kando ya barabara kuu itokayo Mbeya kwenda Tunduma. Tangu mwaka 2016 pamo katika Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mkoa wa Mbeya. Malori yatokayo bandari ya Dar es Salaam kuelekea Zambia na Kongo hupita hapo mchana na usiku, na baadhi yake hubeba marobota ya nguo zilizokwisha kuvaliwa Ulaya na Marekani. Robota lishushwalo upande huu wa mpaka huitwa mtumba. Robota la namna hiyohiyo likivuka Tunduma na kuingia Nakonde huitwa salaula, neno la Kibemba lenye maana ya kupekua na kuchambua ndani ya lundo. Kiswahili kimelipa jina furushi. Kibemba kimelipa jina tendo la mnunuzi.

Mhadhara huu unaichukua tofauti hiyo kuwa mahali pa kuanzia. Hoja yake ya msingi ni kwamba historia ya vazi la mtu wa kawaida haiwezi kuandikwa kwa kutazama viwanda na sera peke yake. Sharti itazamwe pia katika maneno ambayo wavaaji wenyewe wameyatumia katika kuchagua, kubadilishana na kushona. Swali linaloulizwa ni hili: je, mtu avaaye mtumba ni mpokeaji wa mabaki tu, au naye ni mtengenezaji wa vazi lake?

2.0 Mtumba kabla ya mitumba

Kabla ya nguo za ng'ambo kuenea, wenyeji wa nyanda za kusini-magharibi hawakuwa wakisubiri wageni wawavishe. Pamoja na ngozi na magome ya miti, katika Ufipa na bonde la Ziwa Rukwa pamba ilisokotwa kwa mkono na kufumwa katika vitanda vya mfumi vilivyolazwa chini. Ufumaji huo ulidhoofika kadiri kitambaa cha biashara kilivyozidi kuingia kutoka pwani.

Kitambaa mashuhuri kuliko vyote kilikuwa merikani. Mwaka 1833 Sayyid Said alifanya mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 konseli wa nchi hiyo alianza kazi Unguja. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walileta kitambaa kigumu cha pamba kisichopaushwa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya mwaka 1861 hadi 1865, vilikatiza biashara hiyo, na baadaye nafasi yake ikachukuliwa zaidi na vitambaa vya Uingereza na India. Hata hivyo, jina merikani lilibaki. Lugha ilihifadhi asili ya bidhaa baada ya bidhaa yenyewe kubadili asili.

Misafara ya bara ilipimia kitambaa kwa shuka, doti na jora, na ilikifunga katika marobota ya kubebwa na mapagazi, kila mmoja mzigo wa takriban ratili 60 hadi 70. Mtumba ulikuwa furushi la namna hiyo, na kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 bado inalieleza neno hilo kwa maana ya mzigo uliofungwa. Kwa hiyo katika karne ya 19 mtumba haukuwa na aibu yoyote. Ulikuwa mali mpya, na ulitumika kulipia chakula, hongo na pembe za ndovu. Maana ya uchakavu iliingia baadaye, na kuingia kwake kuna historia yake.

3.0 Miaka ya uhaba

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, serikali ililenga kuifanya nchi ijitosheleze kwa nguo. Kiwanda cha Urafiki kilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa China, na viwanda vingine vikafuata, kikiwamo cha Mbeyatex huko Mbeya. Wakati huohuo vazi lilifanywa kuwa suala la siasa. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyopiga vita sketi fupi, nywele za bandia na suruali za kubana. Kwa upande mwingine, kaunda suti, iliyopata jina lake kutoka kwa Rais Kenneth Kaunda wa Zambia, ilikuwa vazi la heshima la watumishi na viongozi.

Barabara ya lami ya kwenda Zambia, na reli ya TAZARA iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ziliiunganisha Mbozi na bandari kwa namna isiyopata kutokea. Lakini miundombinu hiyo haikuleta nguo za kutosha. Uhaba wa fedha za kigeni, upungufu wa vipuri viwandani na gharama za Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 vilifanya kitambaa kiwe adimu. Watu walipanga foleni ili wapate doti moja ya khanga, na mwaka 1983 serikali ilianzisha msako dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi.

Katika miaka hiyo kiraka kilikuwa stadi. Shati lililochakaa ukosi lilifumuliwa, ukosi ukageuzwa na kushonwa upya ili upande wa ndani uwe wa nje. Gauni la mama lilikatwa likawa la binti. Shuleni, somo la Sayansikimu liliwafundisha wasichana wengi kupinda na kutia vifungo. Mtu asiyeitazama miaka hiyo hawezi kueleza kwa nini mitumba ilipokuja ilikuta mikono iliyokwisha kuzoea sindano.

4.0 Mwaka 1984 na vita vya majina

Bajeti ya mwaka 1984 ililegeza masharti ya uagizaji bidhaa, na nguo kuukuu zikaanza kuingia kwa wingi. Jina mojawapo lililosikika lilikuwa kafa Ulaya, yaani nguo za mzungu aliyefariki. Ghana nako kulikuwa na jina lenye dhana kama hiyo, obroni wawu. Majina hayo yanaonyesha shaka: mtu aliye hai hawezi kutoa nguo nzima kama hizi, hivyo lazima mwenyewe awe amekufa.

Jina lililodumu, hata hivyo, ni mitumba. Yamkini sababu ni kwamba halitaji mwenye nguo wa kwanza. Linataja jinsi nguo ilivyofungwa na kusafirishwa tu, na hivyo linamwachia mvaaji mpya nafasi ya kujihesabu kuwa mwenyewe. Neno hilo lilisambaa pamoja na biashara. Nchini Uganda nguo hizo huitwa mivumba. Rwanda, kwa upande wake, ilichukua kitenzi cha Kiswahili chagua na kukifanya jina la bidhaa, caguwa. Kwa hiyo tendo lililotajwa na Wabemba kwa neno salaula lilikwisha kuwamo katika Kiswahili. Tofauti ni kwamba majirani ndio waliolipandisha cheo.

5.0 Sanduku la nguo: kuchagua, kubadilishana, kushona

Katika maeneo kama Nanyala, nguo za mtu hukusanywa kidogo kidogo, hasa msimu wa kahawa unapoleta fedha. Hatua ya kwanza ni kuchagua. Mnunuzi mzoefu wa gulioni hutazama kwapa, ukosi na mshono wa ndani, kisha huinua kitambaa juani aone kama kimepauka. Mwanamume asiye na mahali pa kujaribia suruali huzungusha kiuno chake shingoni. Ncha zikikutana sawasawa, suruali itamtosha. Kwa kuwa Mbozi ni nchi ya baridi, sweta na makoti mazito hutafutwa sana. Muuzaji hukumbuka kwamba kizuri chajiuza, na belo lifunguliwapo, wa kwanza kufika ndiye apataye.

Hatua ya pili ni kubadilishana. Hapa lugha inatofautisha mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. Kuazima humwacha mwenye nguo kuwa mkubwa na mwazimaji kuwa mdogo, na methali inaonya kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako. Kubadilishana huwaweka wawili katika usawa: huyu ametoa blauzi iliyombana, yule ametoa sketi iliyompwaya, na hakuna amdaiye mwenzake. Desturi hii ina mizizi katika khanga, ambayo huuzwa kwa doti ya vipande viwili, na marafiki wawili waweza kuigawana, kila mmoja kipande chake.

Hatua ya tatu ni kushona. Neno cherehani lina asili ya Kiajemi, ambamo charkh ni gurudumu. Na kwa kweli gurudumu ndilo liubadilishalo mtumba kuwa vazi la mtu. Fundi akaaye barazani hupunguza, hubana, huongeza, hutia zipu na hupinda upindo. Bugaluu ya miaka ya 1970 ikibanwa miguuni huwa modo ya miaka ya 2000. Pazia huwa sketi. Gauni refu huwa blauzi, na kipande kinachobaki huwa mfuko au ukosi wa nguo nyingine ya kitenge. Wengine hawafiki kwa fundi, bali humaliza kazi nyumbani kwa sindano na uzi. Mwisho wa hatua hizi nguo huwa imekwisha kupoteza umbo lake la kwanza, na hakuna mwingine aliye na mfano wake.

6.0 Mjadala

Haifai kulitukuza jambo hili kupita kiasi. Mwanauchumi Garth Frazer, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, alikadiria kwamba nguo kuukuu zilichangia takriban asilimia 40 ya kuporomoka kwa uzalishaji wa mavazi barani Afrika, na asilimia 50 ya kupungua kwa ajira katika sekta hiyo, kati ya mwaka 1981 na 2000. Hoja ya namna hiyo iliwasukuma wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, mwaka 2016, kukusudia kukomesha uagizaji wa mitumba ndani ya miaka mitatu. Marekani ilipotishia kuondoa nafuu za ushuru, Tanzania, Kenya na Uganda zililegeza msimamo. Rwanda iliendelea, na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafuu hizo kwa upande wa mavazi.

Katika mjadala huo zilisikika sauti za viwanda, serikali na waagizaji. Fundi wa barazani na mama mwenye sindano hawakusikika, ingawa kazi yao ndiyo iliyomo kati ya belo na mwili wa mvaaji. Kumwita mvaaji mpokeaji tu ni kuifuta kazi hiyo. Kumwita mshindi nako ni kusahau kwamba hakuchagua bei, wala aina ya nguo zitakazofungwa humo, na kwamba kitambaa kipya cha nchini mara nyingi humshinda bei.

7.0 Hitimisho

Mhadhara huu umeonyesha kwamba neno mtumba limesafiri kutoka mzigo wa pagazi hadi nguo ya gulioni, na kwamba ndani ya safari hiyo watu wa kawaida wamejenga stadi na msamiati wao. Msamiati wa cherehani, wa ukaguzi wa nguo na wa kubadilishana umo midomoni mwa watu zaidi kuliko vitabuni. Mafundi waliogeuza kosi za mashati katika miaka ya uhaba sasa ni wazee. Mwanafunzi wa Kiswahili atakayeketi barazani kwao na kuandika wanavyoitaja kila hatua ya kazi atakuwa ameokoa sehemu ya historia ambayo haimo katika takwimu za bandari.