Kirilo na Seaton: Thamani ya Kuwapo

Ndugu zangu mliosoma kabla yetu, nanyi vijana mnaokalia sasa madawati yetu, hapana shaka kila aliyepita Kaloleni kwa miguu analijua jumba la Makumbusho ya Azimio la Arusha. Humo ndimo Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilimokutana tarehe 26 hadi 29 Januari, 1967, na Azimio likatangazwa tarehe 5 Februari. Mwaka huohuo kilitoka kitabu ambacho hakikupigiwa ngoma wala kuandamaniwa. Kilihusu kesi ya ardhi ya Wameru, na waandishi wake walikuwa wawili: Kirilo Japhet wa Meru na Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda. Habari za urafiki wao nimezifikiri sana siku hizi, kwa sababu nitakayoieleza.

Kisa chenyewe wazee wa mlimani wanakijua. Serikali ya Kiingereza, ikifuata mapendekezo ya tume ya Jaji Mark Wilson ya mwaka 1947, ilitaka eneo la Engare Nanyuki liwe la walowezi wa kizungu, wafuge ng'ombe humo. Wameru wakaambiwa wahamie Kingori, walipwe fidia. Wakakataa kuhama, na fidia yenyewe wakaikataa. Mwezi Novemba 1951 polisi wakaingia. Nyumba zikachomwa moto, na watu kama 3,000 wakaondolewa kwa nguvu.

Malalamiko ya maandishi yalikuwa yamekwisha kupelekwa. Mimi ni mtumishi wa serikali, maisha yangu yote ni mafaili, kwa hiyo naomba niaminiwe ninaposema kwamba hakuna kitu kivumilivu kama faili. Likiwekwa kabatini halikohoi. Wameru walilitambua hilo mapema, wakachanga fedha ili mtu aende mwenyewe Umoja wa Mataifa.

Seaton alikuwa mwanasheria mjini Moshi. Angeweza kuwaandalia Wameru hati zao, akazitia stempu, akapokea ujira wake, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini alikwenda. Mwaka 1952, mjini New York, yeye na Kirilo walisimama mbele ya Baraza la Udhamini, na wajumbe wa Uingereza wameketi palepale wakisikiliza. Mfikirieni Kirilo: mji wa ugeni, desturi za ugeni, nyuma yake maelfu wanaongoja jibu, na katika ukumbi ule wote mtu mmoja tu aliyeijua Meru na kuwa upande wake.

Je, walishinda? La. Mwisho wa mwaka ule azimio la kutaka Wameru warudishiwe ardhi yao lilikosa theluthi mbili za kura katika Baraza Kuu. Wapo wanaohesabu safari ile kuwa fedha iliyopotea bure. Sikubaliani nao. Kirilo aliporudi aliwasimulia watu kwa kinywa chake aliyoyaona, na waliomsikiliza walijua kwamba dola ile kubwa inaweza kuitwa ijieleze. Mwaka 1954 TANU ikazaliwa, na mwaka 1955 Mwalimu Nyerere naye akasimama mbele ya Baraza lilelile. Seaton baadaye alikuwa jaji hapa nchini, kisha Jaji Mkuu wa Seychelles. Na kile kitabu walikiandika pamoja, miaka 15 baada ya kushindwa kwao.

Sasa sababu niliyoahidi. Chama chetu kina sifa ya kuchanga. Mwenzetu akipatwa na jambo, ujumbe hupita katika simu, na kabla ya adhuhuri fedha imefika. Ni jambo jema, wala silibezi. Lakini mlinda mlango wa timu yetu ya kidato cha nne, ambaye wengi wenu mnamkumbuka kwa kelele zake, hatoki ndani tangu mwaka jana. Nilipokwenda kumwona alinionyesha orodha ya waliotuma mchango: majina 41. Waliofika mlangoni kwake ni watatu. Hakulalamika, aliniuliza tu kama fulani na fulani bado wako Arusha mjini. Wako. Anakaa Kaloleni, mwendo mfupi kutoka makumbusho, na saa kumi alasiri huwa ameamka.