Hesabu ya Omu na Pasi ya Kaka



Mwaka 1827 Georg Ohm, mwalimu wa Kijerumani, alichapisha kanuni ya volti, mkondo na ukinzani. Kwao wengi walimpuuza. Mwaka 1841 wanasayansi wa London wakamtunuku nishani.

Mimi kanuni hiyo niliikuta katika tochi, Zagayu ikingali Mkoa wa Shinyanga na taa yetu ni koroboi. Betri mbili, volti 3. Mita ikaonyesha ampea 0.3. Gawanya: omu 10. Zidisha: wati 0.9.

Baadaye kaka yangu aliuza pamba ya msimu mzima, akakusudia kununua betri ya volti 12 na pasi ya umeme, awe dobi. Pasi iliandikwa volti 230, wati 1,000. Nikashika kalamu: mkondo ampea 4.35, ukinzani omu 53. Kwa volti 12 ingepata ampea 0.23, yaani wati 2.7. Hata leso isingenyooka!

Akanunua pasi ya mkaa. Fedha iliyobaki ikamlipia mwanawe ada.

Wadogo zetu, kanuni hii msiiache kwenye chumba cha mtihani.