Kuoanisha kimoja kwa kimoja: msingi wa kulinganisha idadi

Kuoanisha kimoja kwa kimoja ni kukipa kila kitu cha kundi moja mwenzake katika kundi jingine, bila kuruka kitu chochote na bila kukipa kitu kimoja wenza wawili. Kundi litakalobaki na vitu visivyo na wenza ndilo lenye idadi kubwa. Pasipobaki kitu upande wowote, idadi ni sawa. Kazi hii haidai namba hata moja. Mtoto asiyeweza kuhesabu hadi tano anaweza kugawa vijiko kwenye sahani na kusema kwa uhakika kwamba vijiko havitoshi. Ndiyo maana ulinganishaji wote wa namba unapaswa kuanzia hapa, kabla ya tarakimu na kabla ya alama.

Kitenzi oanisha kinatokana na oana, kupatana. Tunasema rangi zinaoana, na wanafunzi wa Tanzania wanakifahamu kutoka katika mitihani inayowataka waoanishe maneno ya Kifungu A na ya Kifungu B. Kulinganisha ni neno pana zaidi: mtu hulinganisha urefu, bei, hata tabia. Kuoanisha ni njia mojawapo ya kulinganisha, kwa hiyo maneno haya mawili yasichanganywe. Baadhi yetu huandika "moja kwa moja", lakini katika matumizi ya kila siku maneno hayo yana maana ya kunyooka bila kusita, kama katika "nenda moja kwa moja hadi sokoni". "Kimoja kwa kimoja" haileti utata huo.

Tukumbuke pia tofauti ya idadi na kiasi. Idadi huulizwa kwa -ngapi: watoto wangapi, viti vingapi. Kiasi ni cha vitu visivyohesabika kimoja kimoja, kama maji na unga. Vitu hivyo haviwezi kuoanishwa mpaka vipewe kipimo. Hiyo ndiyo kazi ya kibaba na pishi: unga ukishapimwa kibaba kwa kibaba, kiasi kimegeuka idadi, na vibaba vya mfuko huu vinaweza kuoanishwa na vya mfuko ule.

Ugumu anaoupata mtoto katika kulinganisha idadi umechunguzwa kwa muda mrefu. Mwaka 1941 Jean Piaget na Alina Szeminska walichapisha kitabu kuhusu chimbuko la namba kwa mtoto. Waliwaomba watoto waoanishe mayai na vikombe vyake, au maua na vyombo vyake, kisha safu moja ikatawanywa au ikasogezwa pamoja. Watoto wengi wadogo, ambao muda mfupi kabla walikuwa wamekubali kwamba idadi ni sawa, sasa walisema safu ndefu ndiyo yenye vitu vingi. Macho yao yalipima urefu. Kwa mtoto wa namna hiyo, kutaja namba kwa mpangilio hakutoshi. Anahitaji kuoanisha tena na tena mpaka aridhike kwamba kutawanya vitu hakuongezi idadi yake.

Lugha ya swali nayo ina uzito mkubwa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1983, Tom Hudson aliwaonyesha watoto picha za ndege na minyoo. Walipoulizwa ndege wamezidi minyoo kwa wangapi, wengi wa watoto wa chekechea walishindwa. Picha zilikuwa za aina ileile, lakini walipoulizwa ni ndege wangapi watakosa mnyoo, wengi walijibu vizuri. Swali la pili linamwalika mtoto aoanishe. Kiswahili kinatupa kitenzi hicho tayari, kukosa, nacho mtoto anakijua tangu siku ya kwanza aliyogombea andazi na nduguye.

Tuchukue mfano wa darasani. Mwalimu apange visoda 5 katika safu, na chini yake mbegu 7 za ubuyu zilizobanana. Safu ya visoda itakuwa ndefu zaidi, na watoto wengi wataichagua. Mwalimu asiwasahihishe kwa mdomo. Awaache watie mbegu moja ndani ya kila kisoda, kisha aulize: "Mbegu ngapi zimekosa kisoda?" Wakishaziona mbili zilizobaki, wafundishwe kusema: "Mbegu ni nyingi kuliko visoda. Zimezidi kwa mbili." Halafu wageuze: "Visoda ni vichache kuliko mbegu. Vimepungua kwa viwili." Kugeuza huku kusirukwe, maana mtoto aliyezoea kuulizwa "vipi ni vingi" peke yake hubabaika akiulizwa "vipi ni vichache".

Baada ya hapo ndipo waseme "7 inazidi 5 kwa 2". Hata hapo, "namba kubwa" ni usemi wa kuangaliwa, kwa sababu mtoto amezoea kuita kubwa kile kinachojaza nafasi. Mwalimu aandike 5 kwa maandishi makubwa na 7 kwa maandishi madogo, kisha awarudishe watoto kwenye mbegu na visoda ili waamue.

Alama zije mwisho. Alama ya = ilichapishwa na Robert Recorde mwaka 1557, na > na < zilionekana katika kitabu cha Thomas Harriot cha mwaka 1631. Watu walikuwa wamefanya hesabu kwa maelfu ya miaka bila alama hizo, kwa hiyo hakuna haja ya kumharakisha mtoto wa miaka mitano. Atakapoiandika 7 > 5, awe na uwezo wa kuonyesha kwa vitu halisi ni vingapi vilivyokosa wenza. Asipoweza, arudishwe kwenye kuoanisha, wala asiongezewe zoezi la kunakili alama.